Mkalimani wa Malkia

Tata Tshimanga alikuwa na majina mawili, moja la kazini na moja la nyumbani. Kwenye ghala la vipuri la kampuni ya shaba, alipokuwa karani, aliitwa citoyen Tshimanga, yaani mwananchi, maana miaka ile serikali ilikuwa imetuvua majina ya kizungu. Akifika kwake mtaani Manika alikuwa Louis, na ole wako usahau. "Jina yangu ni ya bafalme," alikuwa akisema. "Kule Ufaransa, bafalme mingi balikuwa ba Louis." Hakutaja kwamba mmoja wao alikatwa kichwa. Mwalimu Numbi alikuwa ametueleza habari hiyo, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha mwenyewe, kwa kuwa televisheni ilikuwa yake.

Alikuwa ameinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na katika mtaa wetu hapakuwa na nyingine. Kila Alhamisi jioni aliiweka dirishani, kioo kikitazama uani, nasi tukaja na vigoda vyetu. Mimi sikuwa na haja ya kigoda. Kazi yangu ilikuwa kushika antena, bomba refu la chuma lililosimama karibu na mpapai, na kuligeuza kila picha ilipoanza kunyesha mvua. Kwa hiyo mchezo wote niliutazama kwa ubavu, shingo imepinda, na tangu siku zile sina heshima kubwa kwa watu wanaosema wameona jambo lote.

Kwanza zilikuja habari za taifa, ambazo hazikuhitaji mkalimani, kwa sababu zilikuwa zile zile za jana. Kisha ukaja mchezo wa kuigiza, kipande kimoja kila wiki. Ulihusu nyumba ya kifalme ya Waingereza, watu wa kutungwa, ila kasri lao, farasi wao na ubaridi wao vilikuwa vya Kiingereza kabisa. Isipokuwa walisema Kifaransa, tena safi kuliko cha mapadri wetu. Hapo ndipo alipoingia Tata Tshimanga. Alikaa kwenye kiti chake cha mikono kando ya dirisha, akasikiliza, akainua kidole tunyamaze, akatupa maneno kwa Kiswahili. Malkia alisema maneno mawili, Tata akatafsiri mpaka mate yakamkauka. Tukadhani Kifaransa ni lugha ya watu wenye akiba.

Tuliwapokea Waingereza wale kama majirani wapya, maana yake tuliwasema sana. Mama Bilonda, muuza sombe, majani ya muhogo, wa pale mtaani na mkuu wa kila jambo lisilomhusu, alishangaa kuona wageni wanapewa chai katika vikombe vya kuchezea watoto na kufukuzwa bila bukari, ugali wetu. "Nyumba yote ile, hakuna ata sufuria moja kwa moto?" Mbwa walipewa nyama sebuleni. Malkia alimsalimia mwanawe kwa kumpa mkono, kama karani anayepokea fomu. Numbi aliuliza wajomba wa upande wa mama wako wapi, na kwa nini hawaitwi. Hatukuwahi kumwona mjomba hata mmoja katika mchezo ule, na mpaka leo ninaamini taabu zao zote zilitoka hapo.

Mwana wa kwanza wa malkia tulimwita Bute. Kwa Waluba wa Kasai, ambao walikuwa nusu ya watu pale uani, bute ndiye mzaliwa wa kwanza, na sisi wengine tuliishi nao muda mrefu mpaka neno likawa letu. Baba yake Bute alikufa katika kipande cha kwanza kabisa, tukamsahau haraka. Bute alipaswa kuvikwa taji. Lakini Bute alimpenda mwanamke aliyeachwa na mumewe, na malkia hakutaka.

Nakumbuka jinsi Tata Tshimanga alivyofurahi. Alivuta kiti chake mbele, akakohoa. "Sikilizeni muzuri," alisema. "Malkia anasema: mutoto wa kwanza njo nguzo ya nyumba. Anasema: nguzo haisimamiwe mu shimo ya mutu mwingine."

Hakuna aliyetazama kioo. Wote tulimtazama Mulumba.

Mulumba alikuwa bute wa Tata Tshimanga mwenyewe, fundi wa umeme, kijana mpole mwenye mikono ya kuungua ungua. Alikuwa anampenda Ernestine, muuguzi wa dispensari, mwanamke wa kaskazini ya Katanga, aliyeachwa na mumewe na kubaki na binti mdogo. Tata alikataa. Kwanza, alisema, mwanamke ameshaachwa. Pili si wa kwetu Kasai. Na alipoona maneno hayo hayamtishi mtu, akatoa jingine: basi, mbuzi wa mahari wataenda kwanza kwa mchumba wa Séraphin, mdogo wake Mulumba.

Asiyejua mambo ya watu wale atasema, na kuna nini hapo? Kuna kila kitu. Kwa Waluba mdogo hamruki mkubwa. Mdogo anangoja, hata akiota mvi. Baba akimtanguliza mdogo, basi mkubwa amehesabiwa kama maiti; ruhusa ya kumruka inapatikana pale tu alipokwisha kufa. Mulumba alielewa vizuri. Alimwambia mama yake kwamba reli ilikuwa na kazi ya umeme huko Kasaji, na siku mbuzi wa Séraphin watakapotoka uani, yeye atapanda treni na hawatamwona tena. Mama Mianda, mama yake, aliyasikia hayo akiwa anapeta unga, na hakumaliza kupeta.

Huyo Mama Mianda hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Alikaa mbele chini, karibu na dirisha, na kuwatazama Waingereza usoni. Jioni ile malkia aliposhika leso, Tata akasema, "Sasa anamutukana mutoto vile inafaa."

"Mi namuona analia," akasema Mama Mianda. "Mutu anatukana na machozi?"

"Mianda, we unajua Kifaransa?"

"Hapana. Mi niko mama."

Watu wakacheka, na Tata akapandisha sauti ya televisheni.

Tangu hapo kila Alhamisi malkia wa Waingereza alisema maneno ya Tata Tshimanga. Alisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Alilaumu wanawake wa kaskazini, jambo lililotushangaza kidogo, maana hatukujua kama habari zao zimefika mpaka Ulaya. Jioni moja Mulumba akaja na Ernestine. Baba hakuweza kumfukuza mgeni mbele za watu, naye akakaa nyuma kabisa, karibu na bomba langu. Ernestine alisoma kwa masista, na Kifaransa kilikuwa kwake kama maji. Malkia alisema, Tata akatafsiri, na Ernestine akatazama ardhi. Nikamnong'oneza: "Mama Ernestine, anatafsiri muzuri?"

"Tata anajikaza," alinijibu. Alikuwa na adabu ya kutia hasira.

Ikaja Alhamisi ya pete. Bute alisimama mbele ya mama yake na wazee wa baraza, akavua pete ya kifalme, akaiweka juu ya meza. Alisema maneno machache, akatoka, akaingia ndani ya gari, mvua ikinyesha kama ya kwetu mwezi wa kwanza. Hata mimi niliyeona kwa ubavu nilielewa kwamba mtu yule ameacha ufalme. Tata Tshimanga alijiweka sawa kitini. Halafu akasema:

"Anasema: mama, nimekosa. Ule mwanamuke, namuacha."

"Na anaenda wapi mu mvua?" aliuliza Mama Bilonda.

"Anaenda kumuambia."

Nusu ya watu uani wakapiga makofi. Mulumba alisimama, akamshika Ernestine mkono, wakatoka bila kuaga. Mama Mianda alibaki akiitazama ile pete mezani. "Na pete, kwa nini anaiacha?" aliuliza. Tata aliyasema yale kwa furaha ya mtu aliyepata mwana mtiifu, ingawa kwa kumkopa kwa Waingereza, na sikumpenda kabisa jioni ile.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Tata ilikuwa na urefu wa Alhamisi moja tu. Wiki iliyofuata tarumbeta zililia, kanisa likajaa watu wenye mavazi mazito, na taji likawekwa juu ya kichwa. Kichwa hicho hakikuwa cha Bute. Kilikuwa cha mdogo wake, kijana mwembamba mwenye kigugumizi.

Kisha ua wote ukasimama.

"Mudogo anaruka mukubwa!" alilia mzee mmoja wa Kasai, kama aliyeibiwa.

"Bute eko wapi?" aliuliza Numbi. "Si alimuacha ule mwanamuke? Si alitii? Sasa banamunyanganya kiti juu ya nini?"

Tata Tshimanga alifungua kifungo cha juu cha abakosi yake, koti la miaka ile lisilovaliwa tai. Nilimwona vizuri, kwa sababu mara moja hiyo nilimtazama yeye badala ya kioo. Angeweza kusema: niliwadanganya, Bute alikataa. Lakini Mulumba alikuwa amesimama mlangoni. Kwa hiyo mzee alitafuta sababu moja tu inayokubalika kwa watu wake ya mdogo kumruka mkubwa, na ilikuwepo moja tu.

"Bute alikufa," alisema.

"Lini?"

"Mu ile siku shiye hatukuwa tunaangalia. Homa."

Mama Bilonda akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitupa chini, akapiga ukelele ambao nadhani uliwafikia hata Waingereza. Wanawake wote wakampokea. Na mimi hapa, niliyeshika bomba, niliyejua kwamba Tata anasema uongo mtupu, machozi yalinitoka. Sioni aibu kusema. Kijana yule alikuwa mzuri, na alikuwa amekufa mbali na mama yake.

Huku kwetu matanga tunaita kilio, na kilio hakina utani. Maiti akiwepo au asiwepo, mwenye kilio lazima awepo, na hapa palikuwa na mmoja tu, yaani mwenye televisheni. Kesho yake watu walileta unga, makaa, mafuta ya mawese. Tata alijaribu kueleza kwamba ule ni mchezo. "Ndiyo, tata, tunajua ni muchezo," alimjibu Mama Bilonda akishusha kapu lake. "Lakini tulimupenda." Wanaume wakawasha moto uani. Unga ukarundikana ndani ya nyumba yake mpaka mlango wa chumba cha nyuma ukagoma kufunguka, na mzee akawa anapokea pole za msiba alioutengeneza kwa ulimi wake, kofia mkononi.

Na katika kilio cha kijana, swali moja haliepukiki. Liliulizwa Jumamosi jioni, na Numbi ndiye aliyelianza, ingawa kwa kawaida alikuwa mtu wa vitabu. Nani alimuua?

"Homa," alisema Tata Tshimanga.

"Homa inatumwa," alisema Mama Bilonda. "Kijana, chakula iko, munganga iko, nyumba iko na bilango mingi vile. Anakufa bule? Hapana. Mi nasema, ni ile maneno ya bazazi. Balimufungia mulango. Mutoto ukimufungia mulango, ata we unamupenda, kifo inamukuta inje."

Wazee wa Kasai wakatikisa vichwa kukubali. Baraza lilikuwa limekata shauri: malkia ana hatia. Na wote wakautazama moto. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Tata Tshimanga, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mtu akitazamwa anaweza kukasirika.

Yeye aligeukia nyumba. Ndani, juu ya mkeka, mahali anapokaa mama wa marehemu, alikaa Mama Mianda, miguu imenyooka, kichwa wazi. Hakuna aliyemwomba akae pale.

"Mianda, simama," alisema Tata kutoka mlangoni. "Ule mutoto hakuwa wako."

"Wangu anapanda treni siku ya posho yenye kuya," alijibu mkewe. "Acha nizoee."

Kweli, Mulumba alikuwa amekwisha pokea kazi ya Kasaji, na treni ilikuwa ya Jumamosi inayokuja, siku tuliyoiita ya posho. Séraphin, maskini, alikuwa ameapa kwamba hataki mbuzi wala mchumba kwa njia hiyo, lakini baba alikuwa ametamka mbele ya wazee wa ukoo kwamba mbuzi watatoka, na neno lililotamkwa mbele ya wazee ni maji yaliyomwagika. Hayazoleki. Wiki nzima nilimwona Tata akienda kazini na kurudi bila kumsalimia mtu. Nilidhani ni kiburi. Sasa nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kurudia, na hakupaona.

Alhamisi iliyofuata tulikuja kwa adabu, kama watu wanaokuja kumaliza matanga. Mulumba alikuja pia, kumuaga mama yake, na mfuko wake begani, kwa sababu tangu usiku ule angelala kwa rafiki karibu na stesheni, akingoja treni ya Jumamosi. Ernestine alikaa mahali pake karibu nami. Mchezo ukaanza. Palionekana bustani, maua, jua la nchi nyingine. Yule mwanamke aliyeachwa na mumewe alikuwa anakata maua. Na nyuma yake, mwenye kofia ya majani na mbwa wawili wadogo, akaja Bute akitembea kwa miguu yake.

Kelele iliyotoka uani sijaisikia tena. Mtu mmoja alikimbia mpaka barabarani. "Tulimulilia!" alipiga kelele Mama Bilonda. "Tulimulilia na unga yetu!" Mimi niliachia bomba, picha ikapotea, na wote wakanigeukia: "Shika antena!" Nikashika. Bute alirudi, hai, mnene kidogo, akainua simu. Kule kasrini, malkia naye akainua yake. Bute akaanza kusema, akasema kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Tata Tshimanga hakuinua kidole. Nilingoja watu wamtukane, na walikuwa na haki. Lakini kabla mtu hajafungua kinywa, Mama Mianda alimgeukia. Mbele za watu alizoea kumwita Tata Louis, kama yeye mwenyewe alivyopenda. Jioni ile hakumwita hivyo.

"Baba Mulumba," alisema. "Mutoto anasema nini?"

Mzee alivua miwani. "Anaomba kurudia kwabo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tafsiri yake kuwa fupi kuliko Kifaransa. "Anasema anamukumbuka mama yake. Anauliza kama anaweza kuya na bibi yake."

Kwenye kioo, malkia alisikiliza hadi mwisho. Alitazama dirisha. Kisha akasema neno moja, akarudisha simu mahali pake polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Na mama anasema nini?"

Neno lile nililisikia hata mimi, na Kifaransa changu ni cha kuazima. Ni neno la kwanza wazungu walilotufundisha sote: *non*.

Tata Tshimanga alitazama kioo, akamtazama mkewe, akatazama mfuko uliokuwa begani mwa mwanawe.

"Anasema: kuya," alisema.

Njoo, maana yake, na macho yake hayakuuacha mfuko ule.

"Anasema: kuya na bibi yako, na mutoto wake pia. Mulango haifungiwe." Sauti ilikuwa inamtoka kwa shida, lakini haikusimama. "Anasema: siku ya Mungu baba yako atapeleka mbuzi kule kwa bazazi ya mwanamuke. Ye mwenyewe. Na mudogo atangoja."

"Baba yake Bute si alikufa mu kipande ya kwanza?" aliuliza Numbi, mwalimu mpaka mwisho.

"Njo vile anasema," alijibu Tata.

Bute aliketi bustanini akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakitetemeka. Wanawake walisema analia kwa furaha. Mama Bilonda peke yake hakuridhika, kwa sababu alikuwa ameshadanganywa mara moja na unga wake ulikuwa ndani ya nyumba ile. Aligeuka akaita mpaka nyuma: "Weye Ernestine, unajua Kifaransa. Malkia anasema ile maneno?"

Ua wote ukageuka. Nilikuwa karibu naye. Mwanamke huyu alikuwa amesikia kila neno tangu mwanzo, nguzo na shimo, na wanawake wa kaskazini, na homa. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa la kweli, na lingemvua mzee yule nguo mbele ya mtaa mzima. Alisimama, akapita katikati ya vigoda hadi kwenye kiti cha mikono. Akapiga goti kidogo, macho chini, kama mke wa mwana anavyofanya mbele ya baba mkwe.

"Tata ametafsiri sawa," alisema. "Mi nimesikia."

Mama Mianda akaanza kufunga kitambaa chake kichwani. Mama Bilonda akauliza kama unga wa kilio unaweza kupikwa arusini, au kuna mwiko, na wazee wa Kasai wakaanza kubishana. Mulumba akashusha mfuko, akauweka chini karibu na ukuta. Nami niliachia lile bomba, picha ikapotea, na safari hii hakuna aliyenigombeza.